Somo Lililosamehewa

…na ajenda namba sita, anasema Mratibu wa shahada, mwenyekiti wa kikao chetu, ni suala la mwanafunzi wetu marehemu, na hapo anasita, anashusha karatasi, ananiangalia kama watu walivyoniangalia miezi mitano hii, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na wao wanahofia itamwagika, na mimi naangalia bilauri zilizopinduliwa kwenye sinia, saba, wakati sisi tuko sita, mhudumu huweka moja ya ziada, sijui kwa ajili ya nani, 'Daktari,' anasema Mratibu, 'kanuni inataka mwenye uhusiano wa kifamilia na jambo atoke nje, lakini tumeshazungumza sisi kwa sisi, tukaona hii si kesi, ni kama rambirambi tu, wewe kaa,' na wote wanaitikia kwa vichwa, hata mwanasheria, ambaye siku nyingine angetaka kifungu na kifungu kidogo, na mimi nasema ahsanteni, nakaa, ningeweza kutoka, ningesimama ukumbini nikasoma ratiba za mitihani ukutani, lakini nimekaa, na najua nimekaa kwa ajili ya nini, nimekaa ili mtu akiuliza swali niwepo wa kulizima… Mratibu anasoma polepole, kwa heshima, kwamba mwanafunzi huyu alijiunga na shahada ya Uhusiano wa Kimataifa akiwa na miaka arobaini na saba, kwamba kati ya masomo arobaini amemaliza thelathini na tisa, Historia amefaulu, Sheria amefaulu, Siasa, Lugha, yote, limebaki moja, hasemi lipi, amelifunika kwa adabu, lakini mimi nalijua, Uchumi wa Mipaka, mhula wa mwisho, mwalimu wake mimi, mume wake mimi, wala sikuomba kulifundisha, mwenzangu alikwenda likizo ya utafiti na mkuu wa idara yetu akaniambia, lichukue wewe, ni la wale wa viraka tu, halitakusumbua.

Viraka, neno hilo ni langu, nililitoa mimi kwenye chai ya saa nne, miaka mingi kabla mke wangu hajafikiria kusoma, nikasema shahada isiyo na jengo, isiyo na mwalimu wake hata mmoja, inayookota somo Historia, somo Sheria, somo kwetu, hiyo si shahada, hiyo ni nguo ya viraka, wakacheka, na utani ukatembea, ukapanda ngazi na kushuka ngazi, mpaka ukamfikia yeye darasani, kijana mmoja akamwuliza, 'Mama Balozi, eti ni kweli mzee wako ndiye anatuita viraka?', walimwita Mama Balozi kwa sababu kwenye zoezi la mazungumzo ya mataifa yeye ndiye aliyekuwa akiwatuliza waliotaka kutoka nje kwa hasira, akaja nyumbani akanisimulia huku anakatakata vitunguu, mgongo kwangu, hakukasirika, alisema tu, 'Sawa, sisi viraka, lakini hiyo nguo yenu ya kitambaa kimoja mbona imetoboka magotini, we bwana?' na mimi nikacheka, nilidhani anatania, sikujua kwamba alikuwa ameshaliona tobo lenyewe na alikuwa anatafuta namna ya kunionyesha bila kunivua nguo… 'Alikuwa mwanafunzi wa mfano,' anasema Mratibu, na sauti inamkatika kidogo, anakunywa maji, na mimi naona aibu kwa maji anayokunywa, kwa sababu yeye analia kwa haki na mimi sina hakika kama ninayo haki hiyo.

Aliiweka mezani siku ya Jumanne, kando ya miwani yangu, kurasa kumi na tatu, zimebanwa kona ya kushoto, akasema, 'Mwalimu, kazi yangu hiyo, nimewasilisha kabla ya muda, usije ukasema sikuwasilisha,' na akasema tena, akiwa mlangoni, 'Kuna kitu humo utakipenda au utakichukia, usome kama mwalimu tu,' na mimi nikamwambia unajua siwezi kuisahihisha, kanuni inasema kazi ya jamaa wa mwalimu inapelekwa kwa mkuu wa idara ampe mwalimu mwingine, ndani ya wiki mbili, akasema, 'Ndiyo, najua, ipeleke, lakini isome kwanza,' na nikaisoma, jikoni, nimesimama, na nilipofika ukurasa wa nne nikavuta kiti nikakaa. Gharama ya Kungoja, ndivyo alivyoiita. Ukurasa wa nne ndipo alipotaja makala yangu, ile iliyonipa udaktari, ile ambayo wenzangu bado wanaitaja, kwamba ushuru ulipoondolewa kwenye kituo kile cha mpakani muda wa malori kungoja ulishuka kwa nusu, mwaka mmoja tu, nusu nzima, nilikuwa na takwimu za siku mia na themanini na nne, na takwimu hizo nilizipata kwake, alikuwa karani wa wakala wa forodha pale, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye kalamu mbili mfukoni, alinipa daftari la malori nikalinakili wiki sita, ndivyo tulivyojuana, tulipenda kuwasimulia watoto, baba yenu alikuja kuchukua malori akaondoka na karani… na sasa karani anaandika, kwa adabu kubwa, ananiita mtafiti, mtafiti alihesabu malori lakini hakuuliza makarani, mwaka ule foleni haikufupishwa na ushuru, ilifupishwa na daraja la upande wa pili, ambalo lilifungwa miezi minne, malori hayakuja, yasiyokuja hayangoji, na daraja lilifungwa kwa sababu ya ugomvi wa zamani ambao karani aliusoma kwenye Historia, na halikutengenezwa upesi kwa sababu mkataba haukusema nani atengeneze, hilo alilikuta kwenye Sheria, na tangazo la kufungwa lilibandikwa ukutani kwa lugha ya upande wa pili tu, mtafiti hakuisoma lugha hiyo, na kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo, akaandika kwamba tangazo lilikuwa juu ya kiti alichokuwa akikalia mtafiti.

Wiki sita nilikaa chini yake. Hilo ndilo lililonichoma kuliko daraja, kile kiti, ule ukuta, nikijiona kijana na kalamu yangu na kiburi changu cha kitambaa kimoja, nimeupa mgongo ukweli uliobandikwa kwa pini nne, na yeye kwenye meza yake ananiangalia ninavyonakili, anafikiri ninajua, pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, aliniandikia hivyo hasa, 'Mimi nilijua daraja limefungwa, ila sikujua kwamba wewe hujui, nilidhani wasomi mnajua mambo ya kwenye matangazo'… na ningecheka, mtu mwingine angecheka, angempigia simu mkuu wa idara akasema, njoo uone, mke wangu amenivua udaktari kwa kurasa kumi na tatu, lakini mimi niliwaza nani ataisahihisha, niliwaza yule mwenzangu wa ofisi ya pili, anavyocheka na meno yote, niliwaza chai ya saa nne, safari hii utani si wangu, nikaiweka kwenye droo ya ofisi, ya pili kutoka chini, nikasema wiki mbili ni nyingi, nitaipeleka Ijumaa, Ijumaa ikapita, nikasema Jumatatu, na kwenye fomu ya alama mbele ya jina lake nikaandika haijakamilika, kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, neno fupi, halina uongo ukilitazama kwa haraka, haijakamilika, ni kweli, mimi ndiye niliyekuwa sijakamilisha.

'Naomba kuuliza kitu kimoja,' anasema mwanasheria, 'hilo somo lililobaki ni la idara gani?' na Mratibu anaangalia meza, katibu anaangalia kompyuta yake, mwalimu wa Lugha anaangalia dirisha, mpaka Mratibu anasema, 'Ni la Daktari hapa,' kwa sauti ndogo, na mwanasheria anasema, 'Aaa. Basi. Basi, samahani sana ndugu yangu, nimefuta swali,' na mwalimu wa Historia anamtupia jicho, 'Na wewe na maswali yako, mtu alikuwa anaugua, kazi ingewasilishwa saa ngapi?' na mwanasheria anasema, 'Nimeshafuta, mzee, nimeshafuta,' na katibu anachapa, nasikia vidole vyake, anachapa na kusoma kwa kunong'ona kama kawaida yake, mwanafunzi hakuwasilisha kazi ya mwisho… kwa sababu ya maradhi… na hapo ndipo ulipoandikwa, uongo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeusema, umetoka kwenye huruma yao na kunyamaza kwangu, na hata tarehe hazikubali, aliwasilisha Jumanne, na maumivu yalianza wiki tatu baadaye, alikuwa mzima siku ile, alikuwa anaimba bafuni.

Wodini aliuliza mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa bado ana nguvu ya kukaa, amesuka nywele, binti yetu ndiye aliyemsuka, akasema, 'Hawajasahihisha tu?', nikasema bado, unaijua idara, akasema, 'Loo, idara yenu inangojesha kuliko mpaka,' na muuguzi akacheka bila kujua anacheka nini, na mimi nikacheka, nilicheka kweli, ndivyo nilivyo, naweza kucheka. Mara ya pili aliuliza bila utani, hawajasahihisha, nikasema nitawakumbusha. Na mara ya tatu, alikuwa amelala upande, uso kwa ukuta, mimi namchua miguu kwa sababu miguu ilikuwa inavimba, akasema, bila kugeuka, 'Kama haikufaa niambie tu, mimi si mtoto,' nikaendelea kuchua, kisigino, kifundo, nikasema, pumzika, akasema haya, na siku tisa baadaye akafa, na katika siku zote tisa nilikuwa na mdomo, nilikuwa na simu, ofisi yangu ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka wodini, ningeweza kwenda nikarudi na zile kurasa nikamwambia, inafaa, inafaa kupita kiasi, wewe ndiye uliyekuwa sahihi na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa chini ya tangazo, lakini nilisema pumzika. Alikufa akidhani haikufaa. Nimelisema hili kichwani kwa maneno mengi miezi hii, alikufa kazi yake ikiwa haijashughulikiwa, alikufa suala likiwa halijafungwa, maneno ya ofisi, lakini ndivyo ilivyo, alikufa akidhani haikufaa, akadhani mimi ninamstahi, ninamfichia aibu.

'Mimi niwaambie kitu,' anasema mwalimu wa Historia, anaegemea nyuma mpaka kiti kinalia, mtu huyu sijawahi kumheshimu, anaandika vitabu vidogo vya shule, anavaa soksi za rangi mbili, 'yule mama alinisahihisha mbele ya darasa zima, mimi nasimama pale na usomi wangu, nasema kituo kile cha mpakani kilifunguliwa tena mwezi wa tatu, mkono juu, Mama Balozi, mwalimu samahani, ni mwezi wa sita, mimi nilikuwa pale, ndiye niliyevunja kufuli maana mwenye ufunguo alikuwa amelala,' na meza yote inacheka, mwanasheria anajifuta macho, 'Enhe, ukafanyaje?' anauliza mwalimu wa Lugha, 'Nifanyeje na mimi? Nikawaambia watoto, futeni, andikeni wa sita, mama yuko sahihi, mwalimu wenu alikuwa anasoma vitabu wakati mwenzake anavunja kufuli, na kitabu changu toleo jipya limeandika mwezi wa sita, na jina lake nimeliweka pale chini, muulizeni Daktari, alimwonyesha nyumbani,' na wote wananigeukia wakitabasamu, na ni kweli, alinionyesha, alikuja na kile kitabu kidogo cha shule kama mtu aliyebeba yai, akakifungua kwenye ukurasa wenyewe, 'Soma hapo chini,' na mimi nikasoma nikasema vizuri, nikarudi kwenye gazeti, vizuri, neno moja kwa mstari mmoja uliokuwa na jina lake, na sasa mtu wa soksi mbili anacheka na mimi sina pa kuweka uso, kwa sababu alifanya kwa sekunde moja, mbele ya vijana sitini, kitu ambacho mimi sikukifanya kwa wiki kumi na tatu mbele ya mtu mmoja aliyelala… futeni, alisema, futeni tu, na hakupungua hata kidogo, yuko pale, mnene, mzima, anatafuna biskuti.

'Na lugha ya upande wa pili,' anasema mwalimu wa Lugha, anazungumza kama anajisemea, 'alikuja tayari anaisoma, nikamwuliza mama umejifunza wapi, akasema kwenye matangazo ya ofisini, miaka ishirini ya kusoma matangazo,' na mimi nasema ndiyo, sauti inatoka, wananisikia nikisema ndiyo na wanadhani ni kumbukumbu nzuri, Mratibu ananigusa mkono, mkono wake una joto na mimi nataka kuuondoa mkono wangu, nataka kumwambia usinishike, 'Basi,' anasema, 'tusiongeze machungu, pendekezo ni kwamba somo lililobaki lisamehewe kwa huruma, shahada itolewe, na kwenye matokeo yake, pale kwenye somo hilo, paandikwe limesamehewa,' na mwanasheria anasema kanuni inaruhusu, kifungu cha tisa, kwa mara ya kwanza leo anafurahi kukumbuka kifungu, na naona jinsi ilivyo rahisi, naona kama mtu anavyoona mlango uliofunguliwa, sihitaji kufanya lolote, ninyamaze tu, na yeye anapata shahada, binti yetu anaivalisha fremu, kila mtu anakwenda nyumbani akiwa mwema, na kurasa kumi na tatu nazichoma au nazificha, hakuna duniani anayejua zipo… asubuhi hii binti yetu alikuwa ananinyoshea shati, akauliza, pasi mkononi, 'Baba, hivi mama alikosa somo gani hasa?', nikasema ni utaratibu tu mwanangu, na yeye akasema, 'Kwa sababu mimi nilimsaidia kuchapa ile ya mwisho, ya malori, alikesha nayo, aliiandika upya mara nne, sasa naona ajabu,' na akageuza shati akaendelea na mkono wa pili, hakuniangalia, na sijui kwa nini hakuniangalia, labda alikuwa anaangalia pasi, labda mtoto wangu alikuwa ananipa nafasi kama mama yake alivyonipa, labda huu ndio utaratibu wa nyumba yangu, wanawake wanaweka kitu mezani na kungoja niseme.

Limesamehewa. Ninalijaribu neno hilo mdomoni, bila sauti, na linaniuma pasipotarajiwa, halinigusi mimi kabisa, linamgusa yeye, litakaa chini ya jina lake, mtu akiisoma karatasi ile baada ya miaka thelathini, mjukuu, atasema, bibi alisoma masomo thelathini na tisa na moja akahurumiwa, la uchumi, labda hesabu zilimshinda, na huo utakuwa uongo uliogongwa muhuri, naye aliandika upya mara nne, yeye aliyefanya kile ambacho hakuna hata mmoja wetu kwenye meza hii amewahi kukifanya, sisi kila mtu na idara yake na dirisha lake, yeye alichukua foleni ya malori akaiuliza maswali manne kwa mara moja mpaka ikasema ukweli, na mimi nikamwita kiraka, kisha nikamfungia kwenye droo, kisha nikamwambia apumzike. Siwezi kumwambia tena kwamba ilifaa. Hilo limekwisha, nimelimaliza mwenyewe, hakuna kikao kitakacholifungua, na nilikuwa nadhani, miezi mitano yote hii, kwamba kwa vile siwezi kumwambia yeye hakuna haja ya kumwambia mtu mwingine, nilikuwa naita hivyo huzuni, nilikuwa navaa huzuni juu ya kitu kingine, na watu wakanipisha njia… 'Wanaokubali,' anasema Mratibu, na mkono wake unapanda, na wa mwanasheria, na wa mwalimu wa Lugha, na mwalimu wa Historia ananyosha wake huku wa pili ukiwa na biskuti, na katibu, ambaye hana kura, ananyosha pia kwa upendo tu, na mikono yote iko juu, mizuri, ya watu wema, na Mratibu ananiangalia, ananiinamia kidogo, 'Si lazima wewe upige, Daktari, tunaelewa,' hapana, hamwelewi, mnanielewa vibaya na mimi nimeishi humo kama kwenye nyumba ya kupanga, na mikono yangu miwili iko mezani, naiona, mikono ya mzee, na yule wa ofisi ya pili atacheka na meno yote, na makala itafutwa, na binti yangu jioni hii nitamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu, nitamwambia na la wodini, na anaweza asinisamehe, na naogopa kama mwanafunzi, na nasikia sauti yangu, kavu, ile ile ya darasani, 'Mwenyekiti, msishushe mikono kwanza, kazi yake aliwasilisha, ninayo mimi, na ni nzuri.'